Bwana Tumbo na bunduki yake: Rais wa Marekani aliyepita Meru

Ukishuka matatu pale Makutano mjini Meru asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunika, geuka uangalie upande wa mlima. Sasa futa akilini kila kitu kingine. Futa lami, futa benki, futa nguzo za stima na wauzaji wa miraa. Bakisha Mlima Kenya, msitu, mashamba ya watu na boma dogo la serikali ya mkoloni ambalo lilikuwa limejengwa majuzi tu.

Hapo uko mwaka wa 1909. Kwenye njia inayozunguka mlima kutoka Nyeri unaona msururu mrefu wa watu wenye mizigo kichwani. Kati yao kuna mzungu mmoja mnene, masharubu mazito, miwani ya duara, jasho linamtiririka. Ukimwangalia haraka utadhani ni settla anayetafuta shamba. Kumbe miezi michache tu kabla ya hapo, huyo jamaa alikuwa Rais wa Marekani.

Ndiyo, msomaji wangu. Theodore Roosevelt, yule ambaye uso wake umechongwa kwenye mwamba wa Mount Rushmore, alifika Meru. Na kwenye mizigo yake kulikuwa na bunduki moja ambayo leo hii wakusanyaji wa bunduki za zamani kule Marekani wanaitaja kwa heshima, kama vile sisi tunavyotaja jezi ya fainali ya mchezaji tunayempenda.

Nataka nikupe stori ya huyu mtu kupitia bunduki hiyo. Si kwa sababu napenda bunduki. Ni kwa sababu bunduki hiyo ina historia iliyoandikwa vizuri kuliko babu zako na babu zangu wengi waliokuwa hai siku hizo. Hapo ndipo stori inaniuma, na natumaini itakuuma wewe pia.

Kwanza uelewe hobi yenyewe

Kuna watu Marekani wanaokusanya shotigani za mitutu miwili, zile za zamani ambazo mitutu imelala ubavu kwa ubavu. Bunduki ya aina hii haipigi risasi moja ndefu kama ile ya askari. Inatema marisau, yaani vichembe vingi vidogo vya risasi vinavyotawanyika, na kazi yake kubwa ni kuwinda ndege. Unaivunja katikati kwenye bawaba, unatia risasi mbili, unaifunga, una milio miwili. Ikiisha, unaivunja tena na kutia nyingine.

Kati ya miaka ya 1870 na Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilikuwa na viwanda kadhaa vilivyojulikana kwa bunduki hizi. Kulikuwa na Parker kule Meriden, Connecticut. Kulikuwa na L.C. Smith, Ithaca, Lefever. Na kulikuwa na A.H. Fox wa Philadelphia, ambaye bunduki zake zilisifika kwa kuwa na vyuma vichache ndani, kwa hivyo hazikuwa na mengi ya kuharibika.

Mkusanyaji wa kweli hanunui tu na kutundika ukutani. Anaisoma bunduki. Anatafuta nambari iliyochongwa kwenye chuma, analinganisha na kumbukumbu za kiwanda, anajua ilitengenezwa mwaka gani, mitutu ilikuwa na urefu gani, mbao za kitako ni za daraja gani, na mara nyingine ilipelekwa kwa nani. Anaangalia nakshi zimechongwa na mkono wa fundi yupi. Ni upelelezi, bana. Na bunduki ikithibitishwa kuwa ilikuwa ya mtu fulani maarufu, bei inaruka.

Sasa Fox ya Roosevelt ilipigwa mnada kule Maine mwezi Oktoba mwaka wa 2010. Ilienda kwa dola 862,500. Kwa bei ya dola ya wakati huo, hiyo ni karibu shilingi milioni 70 za Kenya. Kwa shotigani moja! Fikiria mashamba mangapi ya majani chai hapo Embu yangenunuliwa na hizo pesa.

Bunduki haikufikia bei hiyo kwa sababu ya chuma. Ilifikia kwa sababu ya mtu aliyekuwa nayo, na kwa sababu ilikuwa imetembea Afrika Mashariki naye.

Mtoto wa pumu

Roosevelt alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, kwenye familia yenye doo. Lakini pesa hazikumsaidia kupumua. Alikuwa na pumu kali, na usiku mwingine wazazi walilazimika kumkalisha wima ili asikosekane. Mtoto wa aina hiyo, akikaa ndani, anasoma. Alisoma vitabu vya wanyama mpaka akaanzisha jumba lake la makumbusho pale nyumbani, kitu cha kwanza kikiwa fuvu la sili.

Alipokuwa na miaka 13 hivi, baba yake alimpa bunduki yake ya kwanza. Nayo ilikuwa ya mitutu miwili, iliyotengenezwa Ufaransa. Kijana akaenda kulenga na wenzake na akaona jambo la ajabu: wenzake walikuwa wanapiga vitu ambavyo yeye hata havioni. Hivyo ndivyo alivyogundua kwamba macho yake yalikuwa mabovu. Akanunuliwa miwani na, kwa mara ya kwanza, akauona ulimwengu vizuri. Muda mfupi baadaye familia ilimchukua hadi Misri, na akapanda mto Nile akiwinda ndege na kuwakausha kwa ajili ya jumba lake. Kwa hivyo safari ya 1909 haikuwa mara yake ya kwanza Afrika.

Aliposoma Harvard, alipiga ngumi, akapiga makasia, akajenga mwili kwa nguvu. Akaoa. Akaingia siasa akiwa na miaka 23. Mambo yalikuwa yanaenda mpaka tarehe 14 Februari 1884. Siku hiyo ya wapendanao, mama yake mzazi alifariki, na saa chache baadaye, katika nyumba hiyo hiyo, mke wake akafariki pia, siku mbili tu baada ya kujifungua mtoto msichana. Roosevelt alikuwa na miaka 25.

Alitoroka. Alimwacha mtoto kwa dada yake, akaenda Dakota, akanunua ng'ombe na kuishi kama mchungaji wa farasi na bunduki. Kiangazi na majira ya baridi ya 1886 na 1887 yalikuwa mabaya sana na ng'ombe wengi wakafa. Biashara ikamwangusha. Akarudi mjini akaanza upya.

Nimekaa hapa kidogo makusudi. Nimeacha chuo, najua vile watu hukuangalia ukianza upya, na sipendi wasifu wa watu wakubwa unaoruka mahali walipoanguka. Lakini tuendelee.

Kutoka hapo alipanda kama lifti. Akasimamia polisi wa New York. Mwaka wa 1898 aliongoza kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea kwenye vita kule Cuba na akarudi shujaa. Akawa gavana, kisha makamu wa rais. Septemba 1901 Rais William McKinley alipigwa risasi mjini Buffalo, akafariki tarehe 14 mwezi huo, na Roosevelt akaapishwa akiwa na miaka 42. Mpaka leo hakuna aliyekuwa rais wa Marekani akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Wale Teddy bear unaonunulia mpenzi wako? Wametokana na jina lake. Mwaka wa 1902 alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini kule Mississippi, gazeti likachora kibonzo, na watengenezaji wa vikaragosi wakaona biashara.

Akiwa rais alitenga mamilioni ya ekari za misitu na mbuga zisiguswe. Alipata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 1906 kwa kupatanisha Urusi na Japani. Mwaka huo huo aliwafukuza jeshini wanajeshi weusi 167 wa Brownsville, Texas, bila kesi, kwa sababu ya ufyatulianaji risasi ambao hakuna aliyethibitisha wao ndio waliufanya. Serikali ya Marekani ilikuja kusafisha majina yao mwaka wa 1972, wakati karibu wote walikuwa wamekufa. Yote mawili ni Roosevelt. Ukimtaka, unamchukua mzima.

Zawadi kutoka Philadelphia

Machi 1909 muda wake Ikulu uliisha. Alikuwa na miaka 50, na jicho lake la kushoto lilikuwa karibu limekufa kwa sababu ya ngumi aliyopigwa akifanya mazoezi ya ndondi Ikulu. Aliamua kuja Afrika Mashariki kuwinda, si kwa starehe tu bali kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Jarida la Scribner's likakubali kumlipa dola 50,000 aandike makala za safari.

Rais mstaafu anaenda kuwinda Afrika na dunia nzima itasoma. Wewe wa TikTok unaelewa mara moja kilichofuata. Kila mtengenezaji wa bunduki alitaka yake iwe kwenye picha. Marafiki wa Uingereza walichanga wakampa rifle ya mitutu miwili ya Holland & Holland kwa ajili ya ndovu na vifaru. Alibeba Winchester, akabeba Springfield ya jeshi. Naye Ansley Fox akamtengenezea shotigani ya daraja la juu kabisa, imechongwa nakshi, ndani ya kasha lake. Bure. Roosevelt aliipenda mpaka akataka kuona aibu kuitumia. Kwenye kitabu chake cha safari aliisifia waziwazi, na hakuna tangazo la kulipia lingeweza kufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Alifika Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit aliyekuwa na miaka 19. Walipopanda treni, Roosevelt alikaa mbele kabisa ya injini, kwenye kibao kilichowekwa hapo, ili awaone wanyama. Kituo cha Kapiti alikuta msafara unamngoja: mahema, bendera kubwa ya Marekani, tani 4 za chumvi ya kuhifadhi ngozi, na wapagazi wapatao 200. Alikuwa pia na maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili damu na jasho visiviharibu.

Wapagazi walimpa jina la heshima, Bwana Mkubwa. Kermit, aliyependa kujipamba, akawa Bwana Maridadi. Lakini magazeti ya wakati huo yalivumisha kwamba mgongoni walimwita Bwana Tumbo. Ukiwajua Wakenya, utaamini.

Milio miwili tu

Baada ya kuwinda Machakos, Juja, Sotik na Naivasha, msafara ulielekea Nyeri na Mlima Kenya mwezi Agosti. Hapa alikuwa anatafuta ndovu.

Waliingia msitu wa mlima na wafuatiliaji wa Kindorobo waliojua kusoma nyayo kama wewe unavyosoma meseji. Mwongozaji wake mzungu alikuwa R. J. Cuninghame. Baada ya siku kadhaa za kupanda na kuteremka mabonde yenye giza, wakalikuta kundi. Roosevelt alimlenga ndovu dume kichwani kwa ile Holland. Mlio wa kwanza ulimtikisa, wa pili ukamwangusha.

Na hapo ndipo bunduki ya mitutu miwili inakuonyesha ukweli wake. Una milio miwili, basi. Kabla hajaivunja kutia risasi nyingine, ndovu wa pili akatokea kwenye kichaka akimjia. Alipita karibu sana, kiasi kwamba angeweza kumgusa kwa mkonga. Roosevelt aliruka nyuma ya mti akihangaika kutoa maganda ya risasi, na Cuninghame ndiye aliyefyatua na kumfanya ndovu ageuke. Rais mstaafu wa Marekani alikuwa karibu kuzikwa Mlima Kenya kwa sababu ya sekunde chache za kutia risasi.

Kutoka hapo walizunguka mlima mpaka boma la Meru, ambalo lilikuwa limeanzishwa mwaka wa 1908 na mkuu wa wilaya Edward Horne, yule ambaye Wameru walimpachika jina Kangangi kwa sababu ya kuzungukazunguka kwake. Roosevelt na Kermit waliwinda pande hizo, kisha wakateremka kwenye joto la mto Ewaso Nyiro. Wakati huo wanasayansi wa msafara, Edgar Mearns na Alden Loring, walikuwa wanakusanya ndege na panya juu ya Mlima Kenya wenyewe.

Na Fox? Fox ilikuwa ya ndege: kwale, kanga na wengineo, wa makumbusho na wa sufuria. Sio ya kishujaa kama Holland, lakini ndiyo iliyoleta mboga.

Mlio wa bunduki ulishasikika

Sasa simama kidogo, ubadilishe mahali pa kutazamia. Toka nyuma ya Roosevelt, usimame shambani na mtu wa Meru anayemwona akipita.

Mwaka wa 1906, miaka mitatu tu kabla ya Roosevelt, Waingereza walikuwa wametuma jeshi Embu. Waembu walipigana kwa mikuki na mishale dhidi ya bunduki, wakashindwa, mifugo yao ikachukuliwa, na mwaka huo huo boma la Embu likafunguliwa. Habari hizo zilisafiri. Horne alipokuja Meru miaka miwili baadaye, watu walishajua bunduki inafanya nini. Kwa hivyo kwa Roosevelt, bunduki ya mitutu miwili ilikuwa kumbukumbu ya baba yake na zawadi ya rafiki. Kwa aliyekuwa kando ya njia, ilikuwa sababu ya kulipa kodi.

Kisha kuna sheria. Mzungu aliyelipia leseni alikuwa mwindaji. Mwafrika aliyetega mtego kama babu yake alivyotega akawa jangili. Bunduki yenyewe hakuruhusiwa kuwa nayo hivi hivi. Miaka 40 na kitu baadaye, hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliingia msitu ule ule wa Mlima Kenya, kutoka Meru na Embu pia. Wengi wao walibeba bunduki walizojitengenezea kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira iliyokatwa. Zingine zilimlipukia aliyezishika. Musa Mwariama wa Meru alikaa msituni humo mpaka uhuru ulipokuja mwaka wa 1963 bila kukamatwa.

Hizo bunduki za mabomba nazo zina historia, lakini hakuna kiwanda kilichoziandikia kadi. Fundi aliyezitengeneza hakuchonga nambari, kwa sababu nambari ingemnyongesha.

Hesabu ya mwisho

Msafara ulimalizikia Khartoum Machi 1910. Hesabu iliandikwa, maana Roosevelt alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Yeye na Kermit waliua wanyama wakubwa 512: yeye 296, kijana 216. Humo ndani mlikuwa na simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Ukijumlisha na panya, ndege, nyoka na vingine vyote vilivyokusanywa na wenzao, Smithsonian ilipokea vitu zaidi ya 11,000.

Katika hao vifaru 20, tisa walikuwa vifaru weupe, waliouawa eneo la Lado kando ya mto Nile. Hao ni vifaru weupe wa kaskazini. Leo ulimwengu mzima wamebaki wawili, Najin na Fatu, wote wa kike, na wako Ol Pejeta kule Laikipia, upande wa pili wa mlima huo huo. Sudan, dume wa mwisho, alifariki Machi 2018. Sisemi Roosevelt ndiye aliyewamaliza. Waliomaliza walikuja baadaye na walikuwa wengi. Lakini aliandika kwamba huenda wanaelekea kuisha, na bado akafyatua. Alitaka wawepo kwenye makumbusho kabla hawajatoweka. Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya uhifadhi ya siku zile.

Maisha yake baada ya hapo hayakutulia. Mwaka wa 1912 aligombea urais tena, akapigwa risasi kifuani mjini Milwaukee tarehe 14 Oktoba. Risasi ilipunguzwa kasi na kasha la miwani na karatasi za hotuba alizokunja mfukoni, akahutubia umati zaidi ya saa nzima kabla ya kwenda hospitali, na akashindwa uchaguzi. Mwaka wa 1914 nusura afe kwa homa na kidonda kwenye mto usiojulikana kule Brazil. Julai 1918 mwanawe wa mwisho, Quentin, aliangushwa na ndege yake kule Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Baba aliyesifia vita maisha yake yote hakusimama vizuri tena. Alifariki akiwa usingizini tarehe 6 Januari 1919, akiwa na miaka 60.

Fox ilibaki kwenye familia kwa miaka mingi, ikaingia mikononi mwa wakusanyaji, na hatimaye ikafika kwenye ule mnada wa mwaka wa 2010. Kampuni yenyewe ilikuwa imeuzwa kwa Savage mwaka wa 1929.

Majina ya neno moja

Turudi kwenye njia ya Meru.

Bunduki ile haikutembea yenyewe. Roosevelt hakuwa anabeba silaha zake zote. Alikuwa na wabeba bunduki waliotembea hatua moja nyuma yake. Kwenye kitabu chake amewataja. Mmoja anaitwa Muhamed. Mwingine anaitwa Bakari. Wa hema alikuwa Ali. Wa farasi alikuwa Simba. Kermit naye alikuwa na Juma Yohari na Kassitura, jamaa mkubwa kutoka Busoga. Ni sifa kwake kwamba aliwataja kabisa, kwani wawindaji wengi wa enzi zile hawakujisumbua. Lakini angalia ulichopewa: neno moja. Bakari mwana wa nani? Alitoka mtaa gani? Baada ya msafara kuisha alienda wapi? Alipata watoto?

Na wale wapagazi 200, Waswahili wa pwani, Wanyamwezi, Wakamba, Wakikuyu, waliobeba chumvi, mahema na vitabu vya ngozi ya nguruwe kwa rupia chache kwa mwezi, wengi hawakupata hata hilo neno moja.

Bunduki tunajua ilitengenezwa wapi, ya daraja gani, ilipewa nani, ilipita wapi, iliuzwa pesa ngapi. Mtu aliyembebea bwana wake bunduki, aliyeisafisha usiku na kuikabidhi asubuhi, amekuwa neno moja. Hilo ndilo linaloniuma, nilikwambia mwanzoni.

Sasa ufanye nini? Sikuambii uanze kukusanya shotigani. Kenya hairuhusu mchezo huo. Bunduki bila leseni ni jela, hata iwe ya zamani kiasi gani, na uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku mwaka wa 1977. Lakini mbinu ya wale wakusanyaji unaweza kuiiba bure. Wanaanza na kitu kimoja kidogo, nambari kwenye chuma, halafu wanauliza: nani alikitengeneza, nani alikishika, kilipita wapi, kuna karatasi gani ya kuthibitisha. Hawaachi mpaka wapate.

Wewe pia una kitu kama hicho. Labda ni kipande cha zamani ambacho nyanya alikificha kwenye sanduku pale Runyenjes. Labda ni picha isiyo na jina kule Maua. Labda ni kipande cha bomba ambacho guka hajawahi kueleza kwa nini hakitupi. Muulize sasa hivi, akiwa bado na pumzi. Muulize majina yote mawili, si moja. Halafu nenda Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, lile jengo la zamani kati ya Moi Avenue na Tom Mboya jijini Nairobi ambalo umelipita mara mia moja ukikimbilia matatu. Ripoti za wakuu wa wilaya za Meru na Embu zimo humo. Ni maandishi ya mkoloni na yameona kwa jicho la mkoloni, lakini mara kwa mara jina la mtu wetu linachomoza humo.

Nikipita Meru tena nitasimama Makutano niangalie mlima. Roosevelt hahitaji msaada wangu, ana mwamba wake kule Dakota Kusini na bunduki yake ina bei yake. Mimi nitakuwa namfikiria Bakari, mwenye bunduki ya watu begani, akipita njia hiyo bila kujua kwamba miaka zaidi ya 100 baadaye kuna mtu angetaka kujua jina la baba yake.